Virusi Viua-Saratani katika Tiba ya Melanoma Iliyosambaa: Ufafanuzi kwa Watafiti na Washauri wa Sera wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tiba ya saratani ya ngozi aina ya melanoma kwa kutumia virusi vilivyorekebishwa ili viangamize seli za saratani. Mfano mkuu ni talimogene laherparepvec, dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa Marekani na katika Umoja wa Ulaya, mwaka 2015. Makala yanaeleza chimbuko la wazo hilo, ambalo sehemu yake moja iko Uganda; namna kirusi kinavyofanya kazi mwilini; yale ambayo majaribio ya kitabibu yamethibitisha na yale ambayo hayakuthibitishwa; na mambo ambayo nchi za Afrika Mashariki zinapaswa kuyatimiza kabla ya kuipokea tiba hii. Hoja kuu ni kwamba tiba hii ni ya kweli lakini ni finyu. Inawafaa wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa uangalifu, na kwa sasa faida yake kubwa kwa ukanda wetu itatokana na kujenga uwezo wa kuipima, kuidhibiti na kuieleza kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa.

Istilahi za msingi: virusi viua-saratani, melanoma, mfumo wa kinga, udhibiti wa dawa, ridhaa ya mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Katika masikio ya wasemaji wengi wa Kiswahili, neno virusi halina jema. Limetujia kwa njia ya UKIMWI, likarudi kwa njia ya Ebola, kisha UVIKO-19. Mtu akiambiwa kwamba jirani yake "ana virusi," hahitaji kuuliza ni virusi gani. Kwa hiyo pendekezo la kumdunga mgonjwa wa saratani virusi vilivyo hai, tena kwa makusudi, linahitaji maelezo ya kina kabla halijafika mezani kwa mtunga sera, na maelezo ya kina zaidi kabla halijamfikia mgonjwa mwenyewe.

Melanoma ni saratani inayoanzia katika melanositi, yaani seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Si saratani ya ngozi inayotokea mara nyingi zaidi, lakini ni miongoni mwa zile zinazoua zaidi, kwa sababu husambaa mapema kupitia mishipa ya limfu na ya damu hadi kwenye tezi, mapafu, ini na ubongo. Ikigunduliwa ingali nyembamba, upasuaji mdogo hutosha. Ikishasambaa, habari huwa nyingine. Hadi mwaka 2010 dawa iliyotumika zaidi ilikuwa dacarbazine, ambayo haikuwahi kuthibitishwa kwamba inarefusha maisha ya mgonjwa.

Hali hiyo ilibadilika kuanzia mwaka 2011, Marekani ilipoidhinisha ipilimumab, ya kwanza miongoni mwa dawa zinazofungua breki za mfumo wa kinga. Pembrolizumab na nivolumab zilifuata mwaka 2014, na mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi uliozaa dawa hizo. Virusi viua-saratani vimekuja katika kipindi hichohicho, na haviwezi kutathminiwa kwa haki bila kuwekwa kando ya dawa hizo. Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, mshauri wa sera katika ukanda wetu aishauri serikali yake ifanye nini kuhusu tiba hii?

2.0 Chimbuko la wazo: Entebbe, New York na Mulago

Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari walikuwa wakiandika taarifa za wagonjwa wa saratani waliopata nafuu ya muda baada ya kuugua ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1904 daktari Mmarekani George Dock aliandika habari za mwanamke mwenye saratani ya damu ambaye hali yake iliimarika baada ya kuugua mafua makali. Taarifa hizo zilikuwa chache na nafuu haikudumu, lakini zilizua swali: huenda kuna virusi vinavyopendelea seli za saratani kuliko seli za kawaida?

Sehemu ya jibu ilitafutwa kwa kutumia kirusi kilichogunduliwa katika ukanda wetu. Mwaka 1937, wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa homa ya manjano iliyokuwa Entebbe, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, walipata kirusi kipya katika damu ya mwanamke aliyekuwa na homa katika wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kirusi hicho kikaitwa kwa jina la wilaya hiyo. Katika miaka ya 1950 watafiti wa New York, Chester Southam na Alice Moore, waliwadunga wagonjwa wa saratani zilizosambaa aina ya kirusi hicho iliyopatikana Misri. Kwa baadhi yao uvimbe ulipungua kwa muda. Kwa wengine ubongo ulivimba kutokana na maambukizi. Njia hiyo ikaachwa, kwani kirusi cha porini hakina namna ya kumtofautisha mgonjwa na ugonjwa wake.

Jina la Southam limebaki katika historia kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1963 alisimamia utafiti ambamo wagonjwa wa hospitali moja ya Brooklyn walidungwa seli hai za saratani bila kuambiwa kwamba zilikuwa za saratani. Kashfa hiyo ilichangia kuimarishwa kwa kanuni za ridhaa ya mgonjwa nchini Marekani. Tutarudi kwenye suala la ridhaa katika sehemu ya saba.

Mfano wa tatu unatoka Kampala. Mwaka 1971 Avrum Bluming na John Ziegler, waliokuwa wakifanya kazi katika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, walichapisha katika jarida la Lancet taarifa ya mvulana wa miaka 8 mwenye limfoma ya Burkitt. Uvimbe wake ulinywea alipougua surua, kabla ya kupewa dawa yoyote ya saratani. Taarifa hiyo fupi inatajwa hadi leo na watafiti wanaotumia kirusi cha surua kilichodhoofishwa dhidi ya saratani. Kwa hiyo ukanda wetu si mgeni katika taaluma hii. Ulichangia kirusi, mgonjwa na taarifa. Kisichokuwapo ni sehemu yake katika dawa zilizotokana na taaluma hiyo.

Hatua iliyofungua njia ya tiba za leo ni uhandisi jeni. Mwaka 1991 Robert Martuza na wenzake walionesha, kwa kutumia panya, kwamba kirusi cha hapesi kilichoondolewa jeni moja kinaweza kushambulia uvimbe wa ubongo. Kuanzia hapo swali halikuwa tena kutafuta kirusi kinachofaa porini. Lilikuwa kukirekebisha kinachojulikana.

3.0 Namna kirusi kinavyofanya kazi

Talimogene laherparepvec, inayouzwa kwa jina la Imlygic na kufupishwa T-VEC, imetokana na kirusi cha hapesi simpleksi aina ya kwanza, yaani kile kinachosababisha malengelenge ya mdomoni. Ilibuniwa na kampuni ya BioVex, iliyoanzia katika kazi za Robert Coffin huko London, na kampuni hiyo ikanunuliwa na Amgen mwaka 2011. Kirusi hiki kimefanyiwa marekebisho makuu matatu.

Rekebisho la kwanza ni kuondolewa kwa jeni iitwayo ICP34.5. Seli ya kawaida ikivamiwa na kirusi hujifungia: husimamisha utengenezaji wa protini ili mvamizi asipate malighafi ya kuzaliana. Kirusi cha hapesi cha asili hutumia ICP34.5 kuvunja kizuizi hicho. Kikinyang'anywa jeni hiyo, hukwama ndani ya seli yenye afya. Seli nyingi za saratani, kinyume chake, zimepoteza uwezo wa kujifungia, kwa kuwa njia zao za intaferoni zimeharibika katika safari ya kuwa saratani. Humo kirusi huzaliana, hujaa, na hatimaye huipasua seli na kumwagika kwenda kwa seli jirani.

Rekebisho la pili ni kuondolewa kwa jeni ICP47. Kazi yake ya asili ni kuificha seli iliyoambukizwa isionekane na mfumo wa kinga. Bila jeni hiyo, seli iliyovamiwa huweza kuonesha vipande vya protini zake juu ya utando wake, na walinzi wa mwili wakazitambua.

Rekebisho la tatu ni kuongezwa kwa jeni ya binadamu inayotengeneza protini ya GM-CSF. Protini hii huita na kukomaza seli za kinga zinazobeba taarifa za adui na kuzipeleka kwenye tezi za limfu. Seli ya saratani inapopasuka, humwaga antijeni zake mahali ambapo wapelelezi wameshaitwa.

Kutokana na marekebisho hayo, tiba hii ina kazi mbili. Ya kwanza ni ya papo kwa papo, kuua seli ndani ya uvimbe uliodungwa. Ya pili ni ya mbali, kuufundisha mfumo wa kinga uutambue ugonjwa hata mahali ambapo sindano haikufika. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hapa moto wa pili hautoki kwenye kirusi bali kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe, na ndio unaotazamiwa kufika mbali. Kama unafika kweli, hilo ni swali la ushahidi.

Utoaji wa dawa una utaratibu maalumu. Hudungwa moja kwa moja ndani ya vivimbe vilivyo kwenye ngozi, chini ya ngozi au kwenye tezi za limfu. Dozi ya kwanza huwa hafifu, yenye vizio milioni 1 vya kirusi kwa kila mililita, ili mwili ambao haujawahi kukutana na hapesi utengeneze kingamwili kwanza. Baada ya wiki tatu hufuata dozi yenye nguvu mara 100 zaidi, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili. Ujazo wa jumla kwa ziara moja hauzidi mililita 4. Jeni inayokifanya kirusi kisikie dawa ya acyclovir imeachwa bila kuguswa, hivyo daktari anayo silaha iwapo maambukizi yatavuka mipaka.

4.0 Ushahidi wa majaribio

Jaribio lililoifikisha dawa hii kwenye idhini linaitwa OPTiM. Lilishirikisha wagonjwa 436 wenye melanoma isiyoweza kuondolewa kwa upasuaji, katika vituo vya Marekani, Uingereza, Kanada na Afrika Kusini. Wagonjwa 295 walipewa T-VEC na 141 walipewa protini ya GM-CSF peke yake. Kipimo kikuu kilikuwa mwitiko wa kudumu, yaani uvimbe kupungua kwa kiwango kilichowekwa na kubaki hivyo kwa angalau miezi 6. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha mwitiko huo kwa asilimia 16.3 ya waliopewa T-VEC, ikilinganishwa na asilimia 2.1 ya kundi la pili. Mwitiko wa jumla ulikuwa asilimia 26.4 dhidi ya 5.7.

Kuhusu urefu wa maisha, wastani wa kati ulikuwa miezi 23.3 kwa T-VEC na miezi 18.9 kwa kundi la pili. Tofauti hiyo ya zaidi ya miezi 4 ilikaribia mpaka wa uthibitisho wa kitakwimu bila kuuvuka. Mshauri wa sera anapaswa kulishika jambo hili vizuri: dawa iliidhinishwa kwa sababu inapunguza vivimbe kwa muda mrefu kwa baadhi ya wagonjwa, haikuidhinishwa kwa sababu ya uthibitisho kwamba inarefusha maisha.

Uchambuzi wa kila uvimbe unaeleza zaidi. Miongoni mwa vivimbe vilivyodungwa, asilimia 64 vilipungua kwa nusu au zaidi. Kwa vivimbe visivyodungwa vilivyokuwa nje ya viungo vya ndani, kiwango kilikuwa asilimia 34. Kwa vile vya viungo vya ndani, kama mapafu na ini, kilishuka hadi asilimia 15. Athari ya mbali ipo, lakini hufifia kadiri ugonjwa unavyoingia ndani. Ndiyo sababu Ulaya iliidhinisha dawa hii kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao haujafika kwenye mifupa, ubongo, mapafu wala viungo vingine vya ndani. Mwaka 2016 taasisi ya tathmini ya tiba ya Uingereza, NICE, iliikubali kwa sharti kwamba dawa nyingine za kinga hazimfai mgonjwa, na kwamba kampuni ipunguze bei.

Madhara yake kwa kawaida huvumilika: uchovu, kutetemeka kwa baridi, homa, kichefuchefu na maumivu mahali pa sindano. Hata hivyo, dawa imekatazwa kwa wajawazito na kwa watu wenye upungufu mkubwa wa kinga.

Matumaini makubwa yaliwekwa katika kuiunganisha na dawa zinazofungua breki za kinga, kwa hoja kwamba kirusi kitawasha moto na dawa ya pili itaondoa kizuizi. Jaribio dogo la wagonjwa 21 waliopewa T-VEC pamoja na pembrolizumab lilitoa mwitiko wa asilimia 62, na taarifa yake ya mwaka 2017 ilisomwa kwa shauku kote duniani. Jaribio kubwa lililofuata, lenye wagonjwa 692, lililinganisha pembrolizumab na T-VEC dhidi ya pembrolizumab na sindano bandia. Wastani wa muda kabla ya ugonjwa kuendelea ulikuwa miezi 14.3 dhidi ya 8.5, lakini tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uthibitisho, na urefu wa maisha haukuongezeka kwa namna iliyothibitika. Tafsiri yake ni kwamba matokeo ya wagonjwa 21 hayatoshi kuwa msingi wa sera, hata yakiwa ya kuvutia kiasi gani.

Eneo linaloendelea kuleta matumaini ni matumizi ya kirusi kabla ya upasuaji. Katika jaribio la wagonjwa 150 lililochapishwa mwaka 2021, asilimia 29.5 ya waliodungwa T-VEC kabla ya kupasuliwa walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa baada ya miaka miwili, ikilinganishwa na asilimia 16.5 ya waliopasuliwa moja kwa moja.

5.0 Mafunzo mawili kwa mamlaka za udhibiti

Kisa cha kwanza ni cha Latvia. Mwaka 2004 nchi hiyo ilisajili dawa iitwayo Rigvir, iliyotokana na kirusi cha ECHO-7, kwa ajili ya melanoma. Ilisajiliwa bila jaribio kubwa la kulinganisha makundi kwa bahati nasibu, ikatangazwa kwa wagonjwa wa nchi nyingine, na watu waliokata tamaa wakasafiri kuifuata. Mwaka 2019 usambazaji wake ulisimamishwa baada ya vipimo vya maabara kuonesha kwamba kiasi cha kirusi ndani ya chupa kilikuwa kidogo sana kuliko kilichotangazwa. Dawa iliyo hai haithibitishwi kwa kusoma lebo. Inahitaji maabara inayoweza kuhesabu virusi.

Kisa cha pili ni cha Marekani. Kampuni ya Replimune imetengeneza kirusi kingine cha hapesi, RP1, kilichojaribiwa pamoja na nivolumab kwa wagonjwa 140 ambao dawa za kufungua breki za kinga zilishindwa kuwasaidia. Takribani theluthi moja walipata mwitiko. Mwezi Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani haikuikubali kwa maelezo kwamba jaribio lisilo na kundi la kulinganisha halikutosha kuthibitisha manufaa. Uamuzi huo ulizua mjadala mkali miongoni mwa madaktari na wagonjwa, kwa sababu kuwangojesha watu wasio na tiba nyingine kuna gharama yake. Visa hivi viwili, vikisomwa pamoja, vinaonesha ncha mbili za mizani: wepesi wa kupindukia huuza tumaini tupu, na ugumu huwachelewesha wenye haki ya kusaidiwa. Mamlaka zetu zitahitaji wataalamu wanaoweza kusimama katikati na kutoa sababu zao hadharani.

6.0 Wagonjwa wa ukanda wetu ni akina nani?

Melanoma kwa watu wenye ngozi nyeusi ni nadra kuliko kwa weupe, na hutokea zaidi mahali pasipohusiana na jua: nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, aliugua melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Doa jeusi kwenye unyayo huchukuliwa kwa urahisi kuwa mchubuko, kuvu au athari ya mwiba, na mgonjwa hufika hospitalini uvimbe ukiwa umepasuka na tezi za kinena zimeshavimba. Wagonjwa wa majaribio yaliyotajwa hapo juu walikuwa kwa sehemu kubwa wenye asili ya Ulaya. Hivyo takwimu zake haziwezi kuhamishiwa kwa melanoma ya unyayo bila tahadhari.

Kundi la pili linalokuja akilini ni watu wenye ualbino, ambao huandamwa sana na saratani za ngozi. Kwao, hata hivyo, aina inayotawala ni ile ya seli bapa, na melanoma ni chache. Jaribio la kuongeza RP1 kwenye dawa ya cemiplimab kwa saratani ya seli bapa ya ngozi halikufikia malengo yake makuu, kwa mujibu wa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023. Kwa hiyo haitakuwa haki kuwaahidi watu wenye ualbino tiba ya virusi kwa sasa. Wanachohitaji kinajulikana: mafuta ya kukinga jua, kofia pana, uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara na upasuaji wa mapema.

Kuna pia suala la VVU. Tiba inayokatazwa kwa wenye upungufu mkubwa wa kinga haiwezi kuingizwa katika ukanda huu bila mpango wa kupima na kufuatilia kinga ya kila mgonjwa.

Gharama ni kikwazo kilicho wazi. Wakati wa kuidhinishwa, Amgen ilikadiria kwamba tiba ingegharimu wastani wa dola 65,000 kwa mgonjwa. Ubaridi ni kikwazo kingine, kwani dawa huhifadhiwa kati ya nyuzi −90 na −70 za Selsiasi. Lakini kikwazo hiki cha pili kisitajwe kana kwamba hatujawahi kukivuka. Katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri wa mwaka 2018 hadi 2020, zaidi ya watu 300,000 walichanjwa chanjo ya Ervebo, ambayo huhifadhiwa kati ya nyuzi −80 na −60. Chanjo hiyo nayo ni kirusi hai kilichofanyiwa uhandisi jeni. Wahudumu wa afya wa Kongo, Uganda na Rwanda wameshapokea ndani ya miili yao kirusi kilichorekebishwa, na mifumo ya afya imeshajifunza kukisafirisha.

7.0 Lugha ya ridhaa

Hapa ndipo wanakongamano wa Kiswahili wana jukumu la moja kwa moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliridhia Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021, na baraza la mawaziri la Uganda likafuata kwa nchi yake mwaka 2022. Lugha rasmi ambayo haiwezi kumweleza mgonjwa kile anachodungwa haijatimiza kazi yake.

Ugumu wa kwanza uko kwenye jina. Istilahi "virusi viua-saratani" ni fupi na inafaa kwa wataalamu, lakini mgonjwa anayeisikia anaweza kudhani kwamba saratani yote itauawa. Takwimu za OPTiM haziruhusu ahadi hiyo. "Virusi dhaifu" nayo hupotosha, kwa kuwa kirusi hiki hakikudhoofishwa tu. Kimeondolewa sehemu na kuongezewa nyingine. Napendekeza istilahi ya kwanza ibaki katika maandishi ya kitaalamu, na fomu za ridhaa zitumie maelezo kamili badala ya jina pekee.

Ugumu wa pili ni unyanyapaa. Kwa wengi hapesi ni ugonjwa wa zinaa, ilhali aina iliyotumika hapa ndiyo inayosababisha malengelenge ya mdomoni, na Waafrika wengi huipata utotoni. Mgonjwa asipoelezwa hivyo, ataogopa kumwambia mwenzi wake, na mwenzi ndiye anayepaswa kujua kwamba vidonda vya sindano vifunikwe na visiguswe bila glavu.

Maelezo ya msingi yanaweza kutolewa kwa sentensi chache: "Dawa hii ni kirusi kilicho hai. Kinatokana na kile kinacholeta malengelenge mdomoni, na kimebadilishwa ili kikue zaidi ndani ya seli za saratani. Si kirusi cha UKIMWI. Kati ya watu 100 waliopewa dawa hii, vivimbe vya watu wapatao 16 vilipungua na kubaki hivyo kwa miezi 6 au zaidi. Wengi hawakupata nafuu ya kudumu. Unaweza kupata homa na uchovu. Una haki ya kukataa, na ukikataa utaendelea kuhudumiwa." Sentensi hizo hazihitaji istilahi mpya hata moja. Zinahitaji mtu aliyekubali kusema ukweli wote.

8.0 Mapendekezo

Kwa kuzingatia hoja zilizotangulia, makala haya yanapendekeza mambo matano.

Kwanza, nchi za ukanda huu zisiweke T-VEC katika orodha za dawa zinazogharimiwa na umma kwa sasa. Fedha hizo zitaokoa maisha zaidi zikielekezwa kwenye utambuzi wa mapema, huduma za patholojia na upasuaji, na kisha kwenye dawa za kufungua breki za kinga, ambazo ushahidi wake katika melanoma ni imara zaidi.

Pili, wahudumu wa ngazi ya zahanati wafundishwe kuchunguza nyayo, viganja na kucha. Uchunguzi huo hauhitaji kifaa chochote, na ndio unaoamua kama mgonjwa atahitaji upasuaji mdogo au tiba ya mamilioni.

Tatu, mpango wa pamoja wa udhibiti wa dawa wa Jumuiya, uliozinduliwa mwaka 2012, uandae mwongozo mmoja kuhusu dawa zilizo virusi hai, kwa kushirikiana na Wakala wa Dawa wa Afrika wenye makao yake Kigali. Sheria za usalama wa kibiolojia nazo zioanishwe. Kenya ina sheria yake tangu mwaka 2009, ilhali nchini Uganda miswada iliyopitishwa na Bunge mwaka 2017 na 2018 ilirejeshwa na Rais bila kutiwa saini. Jaribio la nchi nyingi haliwezi kwenda mbele kwenye ardhi isiyo sawa namna hiyo.

Nne, vituo kama Taasisi ya Saratani ya Uganda vitafute nafasi ya kushiriki majaribio ya virusi kwa melanoma ya unyayo na saratani nyingine zinazotuhusu zaidi, kwa sharti kwamba makubaliano yaseme mapema dawa itapatikana kwa bei gani ikithibitika.

Tano, vyama vya Kiswahili na wizara za afya viandae kwa pamoja fomu za ridhaa za mfano kwa tiba za kijenetiki, na zijaribiwe kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kutumiwa.

9.0 Hitimisho

Virusi viua-saratani vimethibitisha kwamba kiumbe kinacholeta ugonjwa kinaweza kurekebishwa kikawa dawa. Vimethibitisha pia kwamba wazo zuri halitoshi: mwitiko wa kudumu kwa mgonjwa mmoja kati ya sita, jaribio kubwa lililoshindwa kuthibitisha kile kilichoahidiwa na jaribio dogo, na dawa moja iliyouzwa kwa miaka 15 kabla ya chupa zake kupimwa ipasavyo. Mshauri wa sera aliye makini hataidharau tiba hii, wala hataikimbilia. Atauliza inamfaa nani, imethibitishwa kwa nani, itadhibitiwa na nani, na itaelezwa kwa lugha gani. Nchi itakayokuwa na majibu ya maswali hayo manne itakuwa tayari kwa kirusi kijacho, hata kama hiki cha sasa hakitafika kwenye hospitali zake.